GPS ya mkononi: mwongozo wa mwindaji na shamba la mita 24

Kimya kimekuwa kirefu hapa, najua. Kazi za ofisini zimenibana, lakini leo ninayo ya kuandika, na ni ndefu kidogo, kwa hiyo tafuta chai kwanza.

Ni kuhusu kununua kifaa cha GPS cha mkononi. Simaanishi simu. Namaanisha kile kidude kinene chenye vitufe na betri mbili, ambacho watu wa misitu hutembea nacho kiunoni. Ukitafuta ushauri kwenye intaneti utagundua haraka kwamba karibu kila mwongozo umeandikiwa mwindaji. Kifaa hiki kizuri kwa kulungu, kile kizuri kwa nguruwe mwitu, kile kingine kina kola za mbwa ili ujue mbwa wako wamemkimbiza mnyama mpaka wapi.

Mimi natoka Marani, Kaunti ya Kisii. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 ikaendeleza marufuku hiyo. Na hata kama marufuku isingekuwepo, ungewinda nini katikati ya migomba? Sensa ya 2019 ilihesabu watu 957 kwa kila kilomita moja ya mraba katika kaunti yetu. Ukirusha mkuki Marani utaangukia kwenye uwanja wa mtu.

Hata hivyo niliisoma miongozo hiyo ya wawindaji mmoja baada ya mwingine, kwa sababu vifaa ni vilevile. Kazi niliyokuwa nayo ilikuwa tofauti: kupima shamba.

Shamba lenyewe ni la marehemu babu. Kama mashamba mengi ya kwetu, ni ukanda mwembamba unaoanza juu barabarani na kushuka mpaka kijitoni. Juu kuna nyumba na migomba, katikati mibuni, chini nepia na mikaratusi. Waliobaki ni watoto watatu wa babu: baba yangu, baba mdogo, na shangazi. Shangazi alirudi nyumbani miaka mingi iliyopita, na ndiye aliyewauguza babu na bibi mpaka mwisho. Kwa Sheria ya Urithi ya Kenya (Sura ya 160, iliyoanza kutumika 1981) mtoto ni mtoto, awe wa kiume au wa kike. Kwa hiyo mafungu ni matatu sawa. Si kila mtu kwenye ukoo alilifurahia jambo hilo, lakini baba na baba mdogo walikubali, na hilo ndilo muhimu.

Baba akanipigia simu. "Wewe si ndiye uliyesomea kompyuta? Tafuta hicho kimashine cha setilaiti uje utupimie, kabla hatujamlipa mpima ardhi."

Shahada ya sayansi ya kompyuta haina somo la kupima mashamba. Lakini ukishakuwa mtu wa kompyuta katika familia, wewe ndiye fundi wa printa, wa redio, wa simu zilizoingia maji, na sasa wa mipaka.

Haya, tuanze na mwindaji. Yeye anataka nini? Anataka kurudi kwenye gari lake giza likiingia. Anataka kuweka alama pale alipomwona mnyama leo ili kesho arudi. Anataka betri idumu siku kadhaa, kifaa kisife kikinyeshewa, na vitufe vinavyobonyezeka akiwa amevaa glavu. Akiambiwa kwamba gari liko hapa, na gari liko mita 5 pembeni, hana shida: atainua macho na kuliona. Macho yake yanamalizia kazi ya kifaa.

Mpaka wa shamba hauna macho hayo. Ukiambiwa mpaka uko hapa, na uko mita 5 pembeni, hakuna gari litakalokuonyesha ukweli. Kuna jirani tu, na jirani ana panga.

Sitanii sana hapo. Kila anayetoka kwetu anajua nyumba mbili ambazo hazisalimiani kwa sababu ya mstari wa miti. Kwa hiyo swali la kwanza nililojiuliza kabla ya kutoa hata shilingi lilikuwa hili: kifaa hiki hukosea kwa kiasi gani, na shamba letu lina nafasi ya kubeba kosa la kiasi gani?

GPS hufanya kazi kwa kupima muda. Setilaiti ziko takribani kilomita 20,200 juu yetu. Kila moja hutangaza iko wapi na saa yake inasema nini. Kifaa kinapokea matangazo kutoka angalau setilaiti nne, kinahesabu kila tangazo limechukua muda gani kufika, kisha kinapata mahali kilipo. Mawimbi yanasafiri kwa kasi ya mwanga, kwa hiyo ukikosea nanosekunde moja (sehemu moja ya bilioni ya sekunde) umekosea sentimita 30. Nanosekunde kumi, mita tatu. Tangazo likichelewa kidogo angani, au likigonga kilima au shina la mkaratusi kabla ya kukufikia, hizo mita tatu umeshazipata.

Zamani ilikuwa mbaya zaidi. Mpaka Mei 2000 Marekani ilikuwa inaharibu kwa makusudi mawimbi ya raia, na kosa lilikuwa kama mita 100. Marani, mita 100 zingekuweka kwa jirani wa tatu. Walipoacha kuyaharibu, vifaa vya mkononi vikaanza kuwa na maana kwa watu wa kawaida. Leo, chini ya anga wazi, kifaa kizuri cha mkononi kitakupa mita 3 hivi. Simu haiko mbali: tovuti ya GPS.gov ya serikali ya Marekani inataja mita 4.9 kwa simu ya kawaida. Na ile "mita 3" inayoandikwa kwenye skrini si ahadi. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya vipimo vitaangukia ndani ya duara hilo. Vingine vitatoka nje.

Sasa tulete hesabu nyumbani. Shamba letu lina upana wa mita 24 kule barabarani. Gawanya kwa tatu: mita 8 kila mtu. Kifaa kinachokosea mita 3 kinakosea zaidi ya theluthi moja ya upana wa fungu la mtu mmoja. Kwa urefu wa shamba, mita 130, kosa hilohilo ni asilimia 2 na kitu. Yaani kifaa kilekile, siku ileile, ni kizuri sana kwa urefu na ni hatari kwa upana. Hakuna mwongozo wa mwindaji utakaokuambia hivyo, kwa sababu nyati haingii kwenye mita 8.

Nilivyochagua basi, nikijua hayo:

Simu niliiacha, ingawa si mbaya. Tangu Xiaomi Mi 8 ya 2018 kuna simu zinazopokea masafa mawili ya setilaiti, na Android 7 ya 2016 ilifungua data ghafi kwa waandika programu kama sisi. Lakini skrini ya simu ikilowa haikusikii, na mvua ya mchana kwetu haihitaji mwaliko. Pia kuna jambo la kibinadamu: nikisimama mpakani nikichezea simu, wazee wanadhani nasoma ujumbe.

Vifaa vya bei ya chini, kama Garmin eTrex SE iliyotoka 2023 kwa takribani dola 150 kule Marekani, vinapokea mifumo yote minne mikubwa: GPS ya Marekani, GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China. Betri zake hudumu sana. Kwa mtu anayetaka tu kuweka alama na kurudi, ningesema nunua hicho ulale. Lakini kinatumia masafa mamoja.

Masafa mawili yanasaidia nini? Mawimbi ya masafa tofauti hucheleweshwa tofauti angani, kwa hiyo kifaa kinachosikia yote mawili kinaweza kukadiria ucheleweshaji na kuuondoa. Pia hutofautisha vizuri zaidi tangazo lililokuja moja kwa moja na lile lililogonga kitu kwanza. Kwenye bonde lenye mikaratusi, hilo ni jambo la maana. Ndiyo maana mwishowe nilichukua Garmin GPSMAP 65, iliyotumika, kutoka kwa muuzaji mmoja wa Nairobi. Ilitoka 2020, ina masafa mawili, inahesabu eneo ukizunguka shamba, na inakula betri za kawaida za AA ambazo kila duka la Marani na Rioma linazo. Kuna ndugu yake, 65s, mwenye dira ya kielektroniki na kipimo cha mwinuko kwa shinikizo la hewa. Mwindaji anazihitaji. Mimi najua mto uko upande gani.

Kola za mbwa, ujumbe wa setilaiti, ramani za kulipia, hivyo vyote niliviruka.

Vile vifaa vya sentimita, vya RTK, niliviangalia kwa hamu. Chipu ya u-blox ZED-F9P ilifanya bei ishuke sana ikilinganishwa na zamani, na mtu wa programu anaweza kujiundia chake. Lakini vinahitaji kifaa cha pili kilichotulia mahali panapojulikana, au mtandao wa kukutumia masahihisho. Kwa siku moja ya kazi ya familia ambayo haina nguvu ya kisheria, nilihesabu kwamba pesa hizo zimlipe mpima ardhi.

Ukishanunua, kuna mipangilio mitatu ya kuangalia. Huku kwetu yana uzito kuliko chapa ya kifaa.

Kwanza, datamu, yaani umbo la dunia ambalo ramani imelitumia. Ramani za zamani za Kenya za 1:50,000 zimechorwa kwa Arc 1960. Kifaa chako kitakuja kikiwa WGS84. Ukichanganya hizo mbili Kisii, utasogea takribani mita 300, na kifaa hakitakuonya. Kwa wenzangu wa msimbo: EPSG:32736 ni UTM ya kanda 36 kusini kwa WGS84, na EPSG:21036 ni kanda hiyohiyo kwa Arc 1960. Namba zake zinafanana kwa macho. Hapo ndipo mtu anapotea.

Pili, WAAS. Kifaa kina kitufe cha kuiwasha na mwongozo wa Mmarekani atakuambia iwashe, usahihi utaongezeka. WAAS ilijengwa kwa ajili ya Amerika Kaskazini, na EGNOS kwa ajili ya Ulaya. Masahihisho yake hayakuhesabiwa kwa anga ya Marani. Zima, uokoe betri.

Tatu, wastani wa alama. Badala ya kubonyeza mara moja na kuondoka, unaiacha GPS juu ya kigingi inakusanya vipimo vingi na kutoa wastani. Ukirudia saa chache baadaye, setilaiti zikiwa zimehama, wastani unakuwa bora zaidi.

Kabla ya kupima chochote nilikijaribu kifaa. Kuna jiwe kubwa kwenye uwanja wa babu ambalo halijahama tangu nizaliwe. Nilikiweka hapo asubuhi, mchana na jioni, siku mbili. Alama sita za jiwe moja. Mbili zilizokuwa mbali zaidi zilitengana kwa mita 4 na kidogo. Nikafanya hivyohivyo chini ya mikaratusi: mita 9. Niliziweka alama hizo kwenye kompyuta na kuwaonyesha baba na baba mdogo: "Hili ni jiwe moja. Mashine inaona mawe sita." Baba mdogo alicheka mpaka akakaa chini. Nadhani onyesho hilo lilisaidia kuliko maelezo yangu yote ya nanosekunde.

Siku ya kupima tulikuwa watu kama kumi: familia, majirani wa pande zote mbili, na mzee wa mtaa. Nilikuja na vitu viwili: GPS, na tepu ya kupimia ya mita 50, ile ya fundi wa ujenzi. Tepu hiyo ilikuwa ya bei rahisi kuliko betri za akiba, na kwa upana ndiyo iliyofanya kazi.

Ugomvi wa kwanza ulikuja mapema. GPS ilisema urefu wa shamba ni mita 130. Baba mdogo na kijana wa jirani walivuta tepu ardhini kutoka barabarani mpaka kijitoni wakapata 138. Mita 8 zimekwenda wapi? Jirani mmoja akaanza kunung'unika kwamba mashine za setilaiti ndizo zinazomeza mashamba ya watu.

Jibu ni mteremko. Ramani na GPS hupima umbali kama vile ardhi imelazwa bapa. Tepu iliyolala ardhini hupima mgongo wa kilima. Kwenye mteremko wa digrii 20, kila mita 100 za ardhini ni mita 94 tu kwenye ramani. Chukua 138, zidisha kwa 0.94, unapata 130 kasoro kidogo. Wote wawili walikuwa wamepima sawa. Nilichora pembetatu kwenye vumbi, mzee wa mtaa akaitazama kwa muda mrefu, kisha akasema hivyo ndivyo wapimaji wa zamani walivyokuwa wakishika mnyororo hewani, mmoja ameinua mikono, mwingine ameinama. Basi tukapima upana wote kwa tepu iliyonyooshwa bapa.

Ugomvi wa pili ndio uliokuwa mzito, na ndio ulionifanya niandike haya. Upana juu ni mita 24, chini mtoni ni mita 21. Binamu yangu mmoja, mtu mwema tu, akapendekeza njia rahisi: tuanze upande wa kushoto, tumpimie baba fungu lake kwa GPS, kisha baba mdogo lake, kinachobaki ni cha shangazi. Watu wakaitikia. Inaonekana ni haki kabisa, si theluthi tatu?

Mtu yeyote aliyeandika programu ya kugawa pesa anaijua hatari hiyo. Gawa shilingi 100 kwa watu watatu, uwape wawili wa kwanza 33.34 kila mmoja kwa kukadiria juu, na wa mwisho anabaki na 33.32. Kila kosa dogo la kukadiria, la kila mtu aliyetangulia, linakusanyika kwa yule wa mwisho. Kwenye pesa ni senti. Kwenye shamba letu, kosa la mita moja na nusu kwa kila mmoja wa wawili wa kwanza (na mmekwishaona jiwe lilivyoruka mita 4) linawapa mita 9.5 na 9.5. Jumla ni 19. Shangazi anabaki na mita 5, nyumba yake ikiwa ndani yake, na hakuna mtu aliyeiba kitu. Karatasi ingesema mafungu sawa.

Tena upepo haungevuma upande wa shangazi, kwa sababu kila mwamba ngozi huvutia kwake. Anayeshika kigingi akiwa na shaka ya mita moja, mkono wake unajua pa kuelekea.

Kwa hiyo nilisema, kwa heshima zote kwa wakubwa waliokuwepo, kwamba mashine haitagawa. Tulinyoosha tepu kutoka ua mmoja hadi ua wa pili, juu kabisa. Tukaweka vigingi kwenye mita 8 na 16. Tukashuka mtoni tukaweka kwenye 7 na 14. Kisha tukarudia kuanzia upande wa pili, na pale vigingi vilipotofautiana kwa vidole vichache tukaweka katikati. Hivyo kosa likagawanywa kama shamba lenyewe. Shangazi hakusema neno muda wote huo. Alipoona kigingi cha pili kimekubaliana kutoka pande zote mbili alikwenda kuleta ndizi na chai.

GPS ilifanya nini basi? Ilichora picha ya shamba zima: mipaka, nyumba, mstari wa mibuni, kijito. Nilitoa faili ya GPX, nikaandika skripti fupi ya Python ya kugeuza latitudo na longitudo kuwa UTM na kuhesabu eneo, nikachapa karatasi tatu. Nilizunguka shamba mara tatu: mara moja ikasema mita za mraba 2,790, mara ya pili 3,080, mara ya tatu katikati ya hizo. Hesabu ya tepu (wastani wa 24 na 21, mara 130) ni 2,925. Hatimiliki ya babu inasema takribani hekta 0.30, yaani 3,000.

Hapo tena baba mdogo akamtazama jirani. Mita 75 za mraba zimekwenda wapi?

Hazikwenda popote. Wakati mashamba ya huku yalipoandikishwa, mipaka mingi ya Kenya ya mashambani ilichukuliwa kutoka picha za ndege: watu waliotesha ua, ndege ikapita, mistari ikachorwa juu ya picha iliyokuzwa. Picha hiyo haikunyooshwa kulingana na milima. Sheria yenyewe inajua hivyo: chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, ramani ya usajili huonyesha mipaka kwa makadirio tu, isipokuwa pale mipaka imethibitishwa rasmi kwa vipimo. Kukitokea mzozo wa mpaka, anayeamua kwanza ni Msajili wa Ardhi, na mahakama haiusikilizi mpaka yeye awe ameamua. Na kung'oa alama ya mpaka ni kosa la jinai. Kwa maneno mengine, ua uliopandwa na kuheshimiwa na nyumba mbili una uzito kuliko namba ya kwenye karatasi, na kuliko skrini yangu. Asilimia 2 na nusu kwenye kilima kama chetu si wizi. Mzee wa mtaa aliliweka vizuri: "Ua huu ulipandwa na babu zenu wote wawili. Walikuwa wanaonana."

Niseme wazi pia kwamba tulichofanya si upimaji rasmi. Mahakama ikishathibitisha warithi, mpima ardhi aliyeidhinishwa ndiye atakayepima na kujaza fomu ya mutesheni, na ofisi ya ardhi ndiyo itakayobadilisha ramani. Faida yetu ni kwamba atakuta vigingi vimekubaliwa na watu wote mbele ya majirani. Atapima makubaliano, hatakuja kuyatafuta.

Kuna kazi nyingine hapa kwetu ambayo kifaa cha mwindaji kinaifaa kabisa. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 2023 kuhusu ukataji misitu inataka kahawa inayoingia huko ijulikane ilikolimwa. Tarehe ya kuanza kutumika imesogezwa zaidi ya mara moja, lakini kazi ya kukusanya alama haiwezi kufanywa usiku mmoja. Kwa shamba la hadi hekta 4, nukta moja inaweza kutosha, yenye desimali sita. Desimali ya sita ni kama sentimita 11, na kifaa chochote kitakuandikia hizo tarakimu bila haya, ingawa hakijui zaidi ya mita 3. Lakini hapa swali ni kama mibuni hii imeota palipokuwa msitu miaka michache iliyopita. Mita 3 haziwezi kulibadilisha jibu hilo. Simama katikati ya mibuni, mbali na mikaratusi, bonyeza, nenda kwa jirani anayefuata.

Kwa kifupi, ukiniuliza ununue GPS ipi:

Kama ni kurudi ulikotoka, kuweka alama za mibuni, visima au njia, nunua ya bei nafuu yenye betri za AA. Simu yako pia inaweza kutosha.

Kama ni kujua eneo la shamba la ekari kadhaa ili ununue mbolea na mbegu, nunua yenye masafa mawili na hesabu ya eneo, zunguka mara tatu, chukua wastani.

Kama ni kugawa upana wa mita 24 kwa watu watatu, nunua tepu. Na kabla ya kuivuta, amueni nani atalibeba kosa, kwa sababu lazima mtu alibebe, na mkinyamaza litakwenda kwa yule asiyesema.

Skripti ya GPX bado ina majina ya ukoo ndani yake. Nikishaisafisha nitaiweka hapa, aitakaye achukue. Haya, tuonane wiki ijayo Mungu akipenda. Baba mdogo ameomba kile kifaa kwa siku mbili, anasema anataka kuangalia kama lile jiwe limetulia.